Shika Kola Kabla ya Kutundika Koti

Rehema kaniambia niongee tu, yeye ataandika. Kasema, "Bibi, umeingia hii studio koti likiwa jeusi, unaondoka limekuwa kijivu, na sie hatujui hata nusu ya unayoyajua." Mkweli huyo mtoto. Basi andika, na nyie wapya wawili mzime hiyo singeli mnisikilize. Nikikosea msinisahihishe. Darasa langu mie ni la pili, na hilo la pili lenyewe niliishia katikati, msimu wa korosho.

Mie kwetu Newala. Hizi chale za usoni mnazoziona, hizi za shavuni na hizi zilizopanda paji la uso kama mifupa ya samaki, nilichanjwa nikiwa mtoto na shangazi yangu, na siku hiyo nilipigiwa vigelegele kijiji kizima. Nilijiona mzuri mie! Nikauvaa huo uzuri mpaka Dar, nikamfuata mume wangu aliyekuwa anachonga vinyago. Mume akafariki mapema, Mungu amrehemu, ikabidi nitafute kazi za ndani. Wee! Nabisha hodi, mama mwenye nyumba anafungua geti, ananiangalia, mtoto aliyembeba analia. Geti linafungwa. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Nyumba ya sita nikawa nabisha hodi nimegeuza uso pembeni, kama mtu anayetazama gari.

Ndo nikafika kwa Mzee Chande, hapahapa Manzese. Alikuwa mpiga picha, mfupi, kavaa miwani iliyofungwa uzi. Akanitazama muda mrefu, lakini alikuwa ananitazama kama anayepima mwanga. Akasema, "Una mikono mitulivu. Kazi ipo, ila nyuma ya pazia. Wateja wakikuona kabla hawajakaa, watakunja uso, na picha za paspoti hazitaki uso uliokunjwa." Nikacheka. Ningefanyaje? Geti lilikuwa halijafungwa.

Kazi yangu ilikuwa koti.

Nyie mmelizoea, ila kwa mtu asiyejua ni kichekesho. Koti ni moja, la watu wote. Mwembamba akija tunalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo. Mnene akija, mshono wa mgongo ulishafumuliwa siku nyingi, linafunguka kama kanga. Chini yake kuna kifua cha shati jeupe, kola na kifua tu, mgongo hakuna. Tai ya mpira. Mwanafunzi anakuja na kaptura na ndala za chooni, anataka picha ya kupeleka barua ya kazi. Tukimaliza naye, juu ni meneja, chini Tandale.

Siku ya kwanza nikamvua koti mmoja, nikamvisha mwenzie palepale. Mzee Chande akaacha kamera akaja mbio. Nikajua nimefukuzwa. Akalivua lile koti taratibu, akalikung'uta mara tatu mlangoni, akalitundika kwenye msumari. Akanishika mkono akauweka kwenye kola, ndani, pale shingo inapogusa.

"Unasikia nini?"

"Joto, Mzee."

"Joto la nani?"

"La yule aliyetoka."

"Basi bado hajatoka," akasema. "Subiri ipoe. Ukimvisha mtu koti ambalo mwenzie hajatoka, picha itakuja na mtu mmoja na nusu."

Nikadhani utani. Lakini mwenzenu nilikuwa mpya, nikashika. Miaka yote nimekung'uta mara tatu, nikashika kola, ikiwa baridi ndo namwita anayefuata. Watu wanalalamika foleni. Walalamike.

Kesi ngumu zilikuwepo, si uongo. Wavulana wa hereni tulikuwa tunawaziba kitundu cha sikio kwa poda na mafuta. Mwenye tatuu shingoni, kola inapandishwa. Dada aliyetia nywele rangi ya chungwa, Mzee anapunguza mwanga mpaka nywele zinakuwa za mtu wa kanisani. Wote hao wanafunzi wa vyuo, na wote wanasema maneno yaleyale: "Bibi, nifanye nionekane wa kawaida." Mie nawafanya. Nilikuwa fundi wa hayo mambo, na nilijivunia. Mtu aliyefungiwa mageti sita anayajua mageti.

Kulikuwa na mmoja wa dredi, ndefu mpaka kiunoni. Tukazikusanya nyuma tukazibana na koti lenyewe, kwenye picha akaonekana kanyoa. Akaitwa kwenye usaili, akaenda nazo. Akarudi hapa mlangoni kasimama. "Bibi, wameniuliza mwenye picha yuko wapi." Wiki ileile akazikata, akapata kazi duka la simu. Baada ya muda akapita kunisalimia, kapendeza, ila mkono wake kila dakika uko mgongoni, unapapasa.

"Una nini huko?"

"Zipo, Bibi. Nikilala naziondoa zisinibane. Asubuhi mto umebonyea pale zilipokuwa."

Akacheka. Mie nikaenda kushika kola. Ilikuwa baridi.

Mzee Chande alipofariki, kamera ikaja na kompyuta, na kompyuta ikaja na wewe Rehema. Ndo tukaanza kusafisha picha. Chunusi, kovu, kila kitu kinafutwa. Mie nikafurahi kama mtoto. Nilikuwa nasimama nyuma yako naangalia madoa ya watu yanavyopotea, nasema, laiti shangazi angechanja kwa kompyuta.

Sasa nifike kwa Doto, maana ndo mnayenipeleka kwake kila siku na mie nakwepa.

Doto alikuwa anamalizia chuo cha hoteli. Binti mrefu, mcheshi, ana Kiswahili cha taratibu cha kupokea wageni, ukimsikia kwenye simu unatamani kulipa chumba. Na alikuwa na baka. Amezaliwa nalo. Linaanzia kwenye utosi upande wa kushoto, linashuka jicho zima na shavu mpaka kidevuni, jeusi kama mtu kafunikwa nusu uso na kiganja cha mwenzie. Kwenye fildi, yale mafunzo ya kazini, wenzie waliwekwa mapokezi, yeye akawekwa jikoni, nyuma, kumenya. Barua za kazi kapeleka nyingi, kila barua na picha mbili ndogo. Wenzie wanaitwa, yeye kimya. Akaja kupiga nyingine kwa ajili ya hoteli moja kule Kinondoni iliyokuwa inatafuta mtu wa mapokezi. Chuo kilikuwa kinafunga, na nyumbani walikuwa wanamtegemea yeye.

Akakaa kwenye stuli, kavaa koti. Akasema, "Bibi, leo nipige kama nilivyo."

Na mie, mwenye chale zangu hizi, nikamwambia, "Mwanangu, uso unatangulia, wewe unafuata. Ukishaingia ndani watakuzoea. Rehema, futa."

Rehema ukageuka. "Nifute kweli, Bibi?"

"Futa."

Hilo ndo kosa langu, liandike kwa herufi kubwa.

Ukafuta. Baka likaondoka kidogo kidogo, paji la uso, jicho, shavu. Ukafika kidevuni, na sie wote watatu tukaisogelea kompyuta. Unakumbuka? Maana mtu ukimsafisha anabaki yeye, amenawa tu. Huyu hakuwa Doto aliyenawa. Huyu alikuwa mtu mwingine kabisa, na alikuwa kama alishafika muda mrefu anasubiri tumfungulie.

Doto akasema polepole, "Ananiangalia kama ananijua."

"Picha zote zinaangalia mbele," ukamjibu. Ukaprinti haraka haraka.

Barua ikaenda. Siku tatu tu, akapigiwa simu, aje Alhamisi kwenye usaili. Tukashangilia mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Na kama kawaida yetu, picha ikitoka nzuri tunaibandika kwenye kioo cha mbele. Tukaibandika. Hatukumuuliza mwenyewe.

Basi ikaanza. Muuza karanga kapita, kasema, "Yule dada wa kwenye kioo nimemuona leo Mbezi Luis, stendi. Kasimama tu, hana mzigo. Nimemsalimia, hajaitikia." Kesho yake mama mmoja kamuona darajani hapo juu, anaangalia mabasi ya mwendokasi yanavyopita chini. Nikauliza, ana baka? Kila mtu anasema hapana, uso wake msafi. Mie nikasema Dar ina watu wengi, sura zinafanana. Nilisema kwa sauti kubwa ili nijisikie mwenyewe.

Jumatano akaja mama mmoja anauza mchele soko la Tandale, ndoo kichwani. Akapita kioo, akasimama, akarudi kinyumenyume. Akatua ndoo. Akakaa chini, pale kwenye ngazi.

Rehema ukamtambua, ukamkimbilia. "Shikamoo Mama Doto! Karibu ndani."

"Mie Mama Kulwa," akasema, macho kwenye kioo.

Mnajua wenyewe, pacha wa kwanza huitwa Kulwa, wa pili Doto, na mama huitwa kwa jina la wa kwanza. Doto hakuwahi kututajia Kulwa yeyote.

"Nani kawapa picha ya mwanangu?"

"Mama, huyo ni Doto, tumemsafisha tu."

"Doto namjua, nimemuacha nyumbani anapiga pasi nguo za usaili. Hawa walizaliwa wawili. Mmoja ana baka, mmoja hana. Asiye na baka alikaa siku arobaini, akasafiri. Kwetu sie pacha hatusemi amekufa, tunasema amesafiri." Akagusa kioo kwa kidole kimoja. "Hakuwahi kupigwa picha. Nilikuwa nimeanza kumsahau. Nyie mmemkuza."

Nikamletea maji. Akanywa, akaniangalia chale zangu bila kushtuka, akauliza, "Anakula?"

Nikamwambia, "Dada, ni karatasi."

"Haya," akasema. Akajitwisha ndoo yake akaenda.

Alhamisi nikafungua studio mwenyewe, saa moja asubuhi, jua limeshatoka. Koti lilikuwa kwenye msumari nilivyoliacha jana yake. Vibanio vya mgongoni, ambavyo niliviacha vimebana koti, vilikuwa juu ya stuli, vimepangwa mstari, vyote saba. Nikashika kola.

Ilikuwa ya moto.

Siyo vuguvugu. Ya moto, na ina unyevu kidogo wa jasho, kama shingo imetoka sasa hivi. Mlango nimefungua mie. Funguo ziko kwenye kanga yangu. Nikakung'uta mara tatu, nikashika, bado. Nikakung'uta tena. Nikakaa kwenye stuli nikawa naongea na Mzee Chande, namwambia, Mzee, umenifundisha kusubiri apoe, hukunifundisha asipopoa.

Saa nne Doto akaingia, viatu mkononi. "Bibi, wamenizuia getini. Usaili wangu saa tatu, nimefika saa mbili na nusu, mlinzi kaniambia mwenye jina hili ameshaingia. Nimebisha naye, kanionyesha picha ya kwenye barua, kasema, dada, huyu siyo wewe, na huyu yumo ndani. Bibi, mie nifanyeje? Hii ndo ilikuwa ya mwisho."

Nikamwambia, "Vaa viatu." Nikafunga studio, tukachukua bajaji. Mie na hoteli, na kanga yangu ya jikoni!

Mlinzi ni mtu mzima, adabu anayo. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mwanangu, huyo aliyeingia kasaini?"

"Kasaini mwenyewe, huyu hapa." Akafungua daftari la wageni.

Kusoma nasoma kwa kubahatisha, lakini ule mstari sikuhitaji kuusoma. Ulikuwa umetetemeka, umepanda, umeshuka, kalamu imetoboa karatasi. Huo ni mkono wa mtu ambaye hajawahi kushika kalamu. Ndo niliokuwa nao mie kabla ya kisomo cha watu wazima.

"Katoka saa ngapi?"

Mlinzi akakuna kichwa. "Sijamuona akitoka, Bibi. Na geti ni hili moja."

Nikamwambia anipeleke kwa mkubwa, na nikaushusha mtandio wangu wa kichwani usoni nisije nikatisha watu. Tabia haiishi.

Akaja dada mmoja wa ofisini, nadhifu, kalamu sikioni. Nikamuuliza kuhusu aliyesailiwa asubuhi. Uso ukamchangamka. "Yule! Tumempenda sote. Nimeshamwandikia anafaa."

"Alijibu vizuri?"

Akatazama karatasi zake. "Kwa kweli... tulimuuliza maswali matatu. Hakujibu hata moja. Alikuwa anatabasamu tu, na koti jeusi, limempwaya. Kila tukiuliza anasema, 'Mdogo wangu yuko nje, ndo anayejua. Mwiteni.' Tukaona ni adabu."

"Na mkaandika anafaa."

"Ndiyo." Akasema kwa sauti ndogo. Nadhani ndo alikuwa anajisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Yuko wapi sasa?"

"Aliomba maji. Nilipogeuka na glasi..." Glasi ilikuwa bado mezani, imejaa.

Nikamvuta Doto mbele. "Huyu ndo mdogo wake. Alikuwa nje. Mwenzie aliwaambia mumwite, hamkumwita. Sasa mulizeni."

Yule dada akaliona baka. Akaangalia pembeni haraka, kama mimi nilivyokuwa nageuza uso kwenye yale mageti, ila yeye yuko upande wa ndani. Lakini akauliza. Mgeni amefika, chumba chake kina mtu, amechoka na ana hasira, utafanyaje? Doto akavuta pumzi, akaanza. Sauti ileile. Akamkalisha yule mgeni ambaye hayupo, akampa maji, akamtafutia chumba, akamuuliza safari ilikuwaje, mpaka mie nikataka kumwambia mgeni atulie sasa. Maswali matatu, majibu matatu. Akaongeza na la nne la Kiingereza, sikulielewa, lakini mlinzi pale mlangoni alisema, "Duh."

Yule dada akaweka kalamu. "Umejibu vizuri sana. Ila mapokezi, mdogo wangu... wageni wakiingia, cha kwanza kuona..."

Hapo nikaufungua mtandio. Nikauweka wote mabegani, chale zangu zote nje, za Newala, mwanga wa dirishani unazipiga.

"Mwanangu, nitazame. Umetishika?"

"Hapana, Bibi."

"Utazame muda gani ndo uzoee?"

Akanitazama. Akaanza kucheka, na macho yamejaa machozi, sijui ya nini. "Nimeshazoea," akasema.

"Basi na wageni wako wana macho kama yako."

Akaivuta ile karatasi iliyoandikwa anafaa, akaiangalia, hakubadilisha neno. Akasema, "Aanze Jumatatu. Mapokezi, siyo jikoni. Alete picha nyingine ya kitambulisho. Yake."

Tuliporudi studio niliingia moja kwa moja kwenye msumari. Kola ilikuwa baridi kama chuma. Rehema ukampiga Doto picha bila koti, na blauzi yake ya kijani, baka lote, na hukugusa kitu. Mama yake akaja jioni kuichukua ile ya kwenye kioo. Akaibandua taratibu pembe moja moja, akaifunga kwenye ncha ya kanga, akasema, "Twende mama, umeshamfungulia mdogo wako." Hakusema nasi. Doto mpaka leo yuko palepale mapokezi. Kaniambia wapo wageni wanaomuuliza dada yake yule aliyekaa nyuma yake kwenye kiti kwa nini haongei. Anawajibu, "Ni mgeni kwenye kazi." Yeye haogopi. Mie ndo naogopa kidogo.

Basi wajukuu zangu, kazi ndo hiyo. Kibanio kikilegea, kitupeni. Kifua cha shati kifuliwe kila Jumamosi. Mtu akitaka kufunikwa, mfunikeni, ni haki yake, njaa haina nakshi. Lakini mtu akisema nipige kama nilivyo, mpigeni. Msijifanye mnayajua mageti kuliko yeye. Na koti mlikung'ute mara tatu.

Juzi, siku yangu ya mwisho, Rehema akanishika mkono akanikalisha kwenye stuli. Nimevisha watu miaka yote hiyo, sijawahi kukalia ile stuli mbele ya kamera hata siku moja. Akanivika koti, akanibana mgongoni. Nikasikia kola ikipata joto langu polepole. Akapiga. Akaenda kwenye kompyuta, akakuza uso wangu ukajaa kioo kizima, akageuka na ule uchokozi wake.

"Bibi, nifute?"

"Futa uone," nikamwambia. "Ukigusa chale moja tu, asubuhi mkifungua, mshike kola."